Baba na Kifuniko cha Rejeta

Shoga, acha unachofanya usome. Baba nusura aungue uso leo. Nusura kabisa!

Walikuwa wanatoka kliniki na mama, kwenye lile gari lake kuukuu. Kwenye mlima mshale wa joto ukapanda. Mama akamwambia, "Baba watoto, gari linachemka." Baba akamjibu, "Hili gari nalijua kuliko ninavyokujua wewe."

Yaani alimwambia hivyo!

Mara mvuke ukafuka mbele, barabara haionekani. Akasimamisha, akafungua boneti, akachukua kitambaa, huyo moja kwa moja kwenye kifuniko cha rejeta. Injini bado inatokota!

Mama unamjua. Miaka thelathini na nane hajawahi kumpandishia baba sauti. Leo alimkamata ukosi wa shati akamvuta kwa nguvu zote: "Usiguse! Utaungua!"

Kumbe baba alishakizungusha nusu. Kifuniko kikafyatuka, maji ya moto yakaruka pale pale alipokuwa ameinamia. Pale pale, shoga!

Wote wawili chini, kwenye majani. Baba hana hata doa. Mama mkono umetoka malengelenge.

Fundi amekuja, anaeleza kwamba feni ilishakufa siku nyingi. Baba wala hamsikilizi. Ameushika mkono wa mama, anaupuliza tu, anaupuliza.

"Laiti ningekusikiliza kule mlimani," akamwambia.

Mama akasema, "Nami laiti ningepiga kelele tangu kule."