Radi na Maharage Mapya

Mjukuu wangu Neema,

Kuanzia Kibondo hadi Kasulu hakuna kichwa kikali kama cha babu yako, na shule niliikimbia darasa la tano! Bibi yako mzima, anakusalimu.

Unauliza kama masomo ya kuhoji kila jambo yataua imani yako. Mwalimu mmoja Kasulu alitufundisha kuuliza, "Umejuaje?" Nikarudi kijijini kwetu Titye, nikakuta radi imeunguza nyumba ya mjane jirani.

Baba, mzee wa kanisa, akasema, "Alikula maharage mapya kabla ya kupeleka malimbuko kanisani; Mungu amemwadhibu."

"Umejuaje, Baba? Mbona sisi tulionja, hatukupigwa?"

"Sijui."

Nilishtuka. Baba, asijue?

Mimi bado nasali, kwa Mungu asiyewinda wajane. Ila tangu siku ile Baba hakutuongoza tena katika sala.