Jina Ulilokuja Kuomba

Baba yangu,

Umekuja tena. Safari hii ulisimama kando ya kitanda cha mtoto, umevaa lile koti lako la kijivu, gambuti zimejaa matope, kama mtu aliyetoka kupalilia mahindi Ndalu akaamua kupitia. Ulikuwa ukimtazama tu. Nilipoamka chumba kilinukia udongo wa mvua, na hapa Kitale mvua haikuwa imenyesha.

Nikampigia mama simu. Si unamjua? Hata salamu hakumaliza. Akasema marehemu akija hivyo anataka jina, na mtoto asipopewa atalia mpaka tuchoke. Na kweli analia, baba. Lakini kwa kina mume wangu, mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa mume. Ndivyo watu wao walivyofanya tangu walikotoka huko Mkoa wa Kati, na baba mkwe wangu, mzee Njoroge, ameshaanza kumwita mtoto "wajina", akimbeba hivi kama yai. Daktari naye ameniambia huyu ndiye wa mwisho. Jumapili anabatizwa. Kwa hivyo ni wewe au ni mzee.

Wiki nzima natembea na wewe kichwani. Nakuona ukinisindikiza shule Naitiri, sanduku langu limefungwa kwenye keria ya baiskeli, wewe unasukuma, mimi naongea njia nzima bila kupumua. Ulikuwa unaitikia tu, "Eeh, mama." Nilidhani hunisikii. Halafu nikifunga shule unaniuliza kama yule rafiki yangu aliyeumwa meno alipona, na mimi nilikuwa nimemtaja mara moja tu.

Leo jioni nikinyonyesha nimekumbuka siku uliyokuja kwangu mara ya kwanza baada ya mimi kuolewa. Nilihangaika, nikachinja kuku, nikakuuliza tena na tena kama kuna shida nyumbani, kama kuna kitu unataka. Ukacheka.

"Kwani mtu akija lazima awe anataka kitu? Nimekuja kukuona tu."

Nililia, baba, mpaka mtoto akaacha ziwa akanitazama. Maisha yako yote hukuwahi kuniomba kitu. Hata pale hospitalini Bungoma, midomo imekukauka, ulingoja nione mwenyewe kwamba una kiu. Sasa nilifikiri vipi kwamba kifo kimekufanya mtu wa kudai? Aliyetaka hilo jina ni mimi. Nilitaka niite jina lako, Wanjala, nyumbani kwangu, na mtu aitike.

Mama atanuna, najua. Nitamwekea mjukuu mapajani, tuone huko kununa kutafika wapi.

Jumapili mtoto ataitwa Njoroge. Nimeamua, na roho yangu imetulia, ingawa inauma. Lakini wewe usiache kuja. Na ukija usisimame kama mgeni, baba. Keti.

Ni mimi binti yako,
Mama Njoroge