Maganda ya Mbaazi Yaje na Vumbi Lake

Pipeline, Embakasi

Mke wangu Mama Mutheu,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti la mama limetulia? Mutheu bado anaususia uji? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haitulii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka kwenye korido, naangalia nguo za majirani zinazokosa jua, narudi ndani.

Gunia lako la maganda ya mbaazi lilifika. Tuliyachemsha pale karakana, yakapoa, tukayatia kwenye pipa pamoja na wale bakteria niliokueleza, wanaokula maganda na kutoa vimeng'enya. Wenye viwanda vya ngozi huvinunua ili manyoya yang'oke bila kemikali kali. Pipa likikubali, hunuka kama maharagwe yaliyolala. Letu halikunuka chochote. Hamisi, mwenzangu wa kazi, akachungulia: "Buda, wadudu wako wamededi wote!"

Nikarudi kwenye gunia, nikachota kiganja, nikanusa. Mwarobaini! Mama Mutheu, uliyachanganya na majivu na mwarobaini, vile unavyofanya ukinitumia mbaazi zisiliwe na fukusi. Nilicheka peke yangu, halafu nikaumia. Nani mwingine angelinda takataka namna hiyo? Lakini dawa ya fukusi imewamaliza na hawa wangu.

Madam, mwenye karakana, alikunja uso. "Kama maganda ya kwenu ndiyo haya, nitatafuta kwingine." Unajua alichoahidi: yakifaa, atafungua kituo hapo sokoni kwetu, na mimi ndiye nitakayeyakusanya, nikilala kwangu. Nilimsihi mpaka Hamisi akaona aibu kwa niaba yangu. "Haya," akasema, "gunia moja. La mwisho."

Kwa hiyo nakuomba, usiyaoshe, usiyapepete, usiyatie kitu. Yafunge na vumbi lake, uyapakie kwenye basi la kwanza utakalolipata. Na usijilaumu. Hasira sina, nina haraka tu.

Nisalimie mama, na mdogo wako fundi cherehani. Mzee wa kanisa, jirani yetu, mwambie aombee pipa, asiulize mengi.

Kama yatakubali, Madam hajui, nami sijui. Lakini begi nimeshalifunga. Nimebakisha nje nguo za kazi na sufuria moja.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Mutheu