Tundu la Valvu ya Usinge

Karakana ya Visima,
Tabora,
Jumanne, 9 Oktoba 1973

Kaka yangu Shaban,

Shikamoo. Fundi Mabruki amesimamishwa kazi. Mzee Lugembe, msimamizi wetu, ametutangazia leo saa mbili asubuhi, na kamati ya kazini itamsikiliza Ijumaa. Nimetanguliza hilo kwa sababu linakuhusu. Sasa nikuulize hali. Shemeji Kuluthumu na watoto hawajambo? Mfungo unawaendeaje huko Usinge? Huku sote wazima, ila joto ni kali na mvua bado.

Taarifa yako ilisomwa mbele yetu. Umeeleza kwamba valvu ya usalama ya tangi la hewa, ile tuliyoitengeneza hapa kwa kuwa za dukani hazipatikani, ilifunguka ikapiga mluzi kwenye ratili mia kama ilivyopaswa, lakini geji ya kupimia mkazo wa hewa ikazidi kupanda hadi mia na thelathini. Ukazima injini na kuwaondoa wanakijiji waliokuja kutazama kisima. Ulifanya vyema, maana tangi lingepasuka. Uliandika pia kwamba tundu la valvu la kutolea hewa ni dogo, na aliyelitoboa aulizwe.

Mzee Lugembe alitania kwamba mwaka huu Mabruki amefunga mpaka macho. Watu wakacheka. Mabruki alijibu tu kwamba yeye hutoboa alichochorewa, akaomba mchoro uletwe. Koleta, karani, alifungua jalada, hakuuona.

Mabruki ana miaka ishirini na miwili kwenye mashine ya kukereza. Akifukuzwa kwa uzembe, hakuna karakana itakayompokea. Tangu asubuhi sijatulia. Nimepima mabomba ambayo hakuna aliyeniagiza kuyapima, na chumba cha michoro nimekifagia mara mbili. Jioni mkewe, Maua, ameniletea futari kama kila siku, kwa kuwa sina wa kunipikia. Amesema mumewe ananisalimu, nisiache kula kwa ajili ya mambo ya kazini. Nimekula. Bakuli nimeliosha.

Kaka, mchoro ninao mimi. Umo mfukoni mwa koti langu tangu taarifa yako ilipofika Jumamosi. Unasema tundu liwe na upana wa sehemu tatu za kumi na sita za inchi, na Mabruki alitoboa hivyo hivyo. Lilipaswa kuwa saba za kumi na sita. Kosa ni la hesabu, na hesabu niliipiga mimi.

Kompresa yenu inayolijaza tangi hewa ni ya Kiingereza. Katika vipimo vyake, hewa inayopita hupimwa kwa ratili, na nguvu inayoisukuma pia hupimwa kwa ratili. Ili viwili hivyo vikae katika hesabu moja, huingizwa kipeuo cha pili cha thelathini na mbili nukta mbili. Chuoni mwalimu alikuwa akitufokea kwamba anayesahau thelathini na mbili arudi kwao akalime. Sikuisahau. Kanuni niliyoitoa kitabuni ilikuwa tayari imeihesabu ndani yake, nami kwa mazoea nikaiingiza mara ya pili. Kwenye karatasi tundu dogo likaonekana linatosha. Kwa kweli linapitisha chini ya moja ya tano ya hewa inayotakiwa.

Usiiwashe mashine. Ifungue valvu uitoe kwenye tangi, usiichokonoe, uje nayo kwa treni ya Alhamisi, ipimwe mbele ya kamati kando ya mchoro. Nitautoa mwenyewe na kueleza ulikokuwa. Kesho kabla ya magharibi nitakwenda kwa Mabruki kumwambia, asije akalisikia kikaoni. Sijui kama bakuli litakuja tena.

Barua hii anakuja nayo Silasi, yule mlinzi wa treni. Mpe majibu papo hapo. Nisalimie wote nyumbani, na watoto uwaambie baba yao mdogo anawakumbuka.

Kamati inakaa Ijumaa, tarehe 12, saa tatu asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Selemani