Kiti cha mzee mbele ya tangi la samaki

Shoga, uko wapi? Naandika haraka haraka, nisome hivyo hivyo.

Unawajua wale samaki wa marehemu mume wangu, wale bapa wanaonata kwenye mawe na kupenda maji ya kasi? Leo mke wa mwanangu kaniambia, "Mama, hiyo pampu ya tangi inakoroma kama marehemu baba, inanitisha." Nami mjinga nikaizima.

Nikasahau! Nikaenda zangu kufua.

Narudi, maji yametulia kama ya ndoo. Mawe matupu. Wote wamenata kiooni, upande wa kiti cha marehemu, wanahema wakikielekea. Kiti kitupu, shoga! Kitupu!

Nikawaambia, "Hayupo, wanangu." Nikawasha pampu mbio mbio. Ikakoroma. Wakarudi kwenye mawe, hakufa hata mmoja.

Ila mmoja kagoma kubanduka kiooni.

Nikasema anatafuta hewa tu huyu. Nikakivuta kiti hadi upande wa pili wa tangi, wa dirishani, nijue moja.

Nakutegea kitendawili: hana miguu, kahama na kiti. Usinijibu.

Yule samaki kanata kioo cha upande wa dirishani sasa hivi, shoga. Nakuandikia nimesimama, maana kile kiti sithubutu kukikalia.