Naomba Ruhusa ya Baiskeli, Mama

Mwanjelwa, Mbeya
11 Februari 2024

Mama yangu Tekla,

Kamwene, mama. Mwanao mzima, isipokuwa magoti, nayo si mabaya sana, ni kelele tu. Nikiinuka kwenye kibanda changu cha viatu wateja wanadhani nimekalia karanga. Eveline wangu anakusalimu. Wewe je, presha inasemaje? Kifua? Na yule jogoo anayelala jikoni kwako kama mwenye nyumba, bado hujamchinja?

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za viazi ukaniitikia "amina" mara tatu. Basi naandika, na barua nampa Obeid, kondakta wa basi la Igowole.

Mama, nina ombi. Nina miaka sitini na saba, wajukuu tisa na meno yangu mwenyewe kumi na moja, na naomba ruhusa ya mama yangu ninunue baiskeli. Cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Daktari kasema magoti haya nikitembea sana yanasagika, nikikaa kutwa yanaganda. Akasema, mzee, endesha baiskeli. Nikamjibu siwezi, mama amenikataza. Akaangalia umri wangu kwenye karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia tena karatasi.

Si baiskeli ya kubebea magunia. Ni ile ya mashindano, tairi zake nyembamba kama kidole gumba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, nyepesi mpaka unainyanyua kwa vidole viwili. Kuna kundi hupita hapa asubuhi kwenda Uyole, wameinama kama watu wanaotafuta sindano barabarani. Wanapita kimya, mama, unasikia mnyororo tu.

Najua niliapa. Mkono wangu uliuweka kwenye udongo wa kaburi la baba, mwaka sabini, kwamba sitapanda baiskeli wakati wewe ungali hai. Sijapanda hata ya mtoto. Sasa wewe umekataa kufa, na mimi siombi ufe, Mungu apishe mbali. Naomba unifungue tu.

Mwanao mtiifu,
Libe


Igowole
25 Februari 2024

Mwanangu Liberatus,

Salamu nimepokea. Mimi mzima, mvua nyingi, mahindi yanakwenda vizuri. Jogoo muache, ananisikiliza kuliko wanangu. Nimekusoma nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alihangaika na mimi miaka miwili nijue herufi. Kumbe ni ili nije nisome upuuzi huu.

Umejuaje kwamba inanyanyuliwa kwa vidole viwili? Umeinyanyua lini?

Jibu langu ni hapana. Baiskeli ilimuua baba yako kwenye mteremko wa darajani. Magoti pakaa mafuta ya nyonyo.

Mama yako


Mwanjelwa
3 Machi 2024

Mama, mpelelezi wangu,

Shikamoo, tena nimepiga na magoti, yamelia. Hapa wote wazima.

Umenikamata. Ipo. Ipo nyuma ya mlango tangu kabla ya Krismasi, imefunikwa kitenge cha Eveline. Ni ya mtumba, imetoka Ulaya, rangi yake nyekundu, naifuta vumbi kila Jumapili baada ya misa. Niliikalia mara moja imeegemea ukuta, miguu hewani. Sijui kama hiyo inahesabiwa, muulize Padri. Ina na kaptula zake, za kubana. Nilivaa nikajitokeza sebuleni, Eveline akaniambia nikitoka nazo nje yeye anarudi kwao Tukuyu.

Lakini haijawahi kusogea, mama. Kiapo chako kipo palepale.

Fikiria jambo moja tu. Ile ya baba ilikuwa chuma kizito, na nyuma kafunga dumu mbili za pombe ya ulanzi za kupeleka sokoni. Hii yangu haibebi dumu. Inabeba mzee mmoja mkavu, basi. Haifanani na ile hata kidogo.

Fikiria, halafu uniandikie.

Mwanao aliyekamatwa,
Libe


Mwanjelwa
21 Aprili 2024

Mama,

Hujambo? Wiki saba sasa. Obeid anaapa barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uko salama, alikuona unapalilia. Nilikutumia nyingine wakati wa Pasaka, kimya. Jirani yako Devota nimempigia, anasema unakula kidogo na huongei.

Kama ni baiskeli, nitaiuza wiki hii. Kuna kijana ameiulizia. Magoti ni magoti tu, wenzangu wengi hawana hata hayo. Nijibu neno moja, hata tusi.

Libe


Igowole
28 Aprili 2024

Libe mwanangu,

Usiiuze. Mimi mzima. Barua hii nimeianza mara nne.

Uliandika kwamba yako haibebi dumu. Nikakwama hapo.

Baiskeli haikumuua baba yako Kasian. Ni mimi.

Unajua nililetwa hapa kutoka Usangu. Kwetu ni tambarare, ng'ombe na mpunga, mianzi ya kugema ulanzi hatuna. Hapa kila mwanamke anajua ulanzi unaendelea kuchacha humohumo kwenye dumu, na mdomo wake unazibwa kwa majani tu ili upumue. Mimi nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa si kujua. Baba yako alikuwa akienda sokoni povu linatoka kwenye majani, linamlowanisha mgongo wote. Nafua shati lilelile kila jioni. Wenzake wanamcheka kwamba ananuka pombe kabla hajanywa, na yeye hakuwa mtu wa kuchekwa.

Asubuhi ile alipoingia ndani kutafuta kamba, nikachukua gunzi, nikalizungushia kitambaa, nikalipigilia kwa mchi kwenye mdomo wa dumu linalokaa karibu na mgongo wake, mpaka likakaza. Nilijiona nina akili. Nikamwambia, leo utarudi mkavu.

Watu wa mashambani walisema walisikia mlio kama wa gobori pale mteremkoni, wakadhani ni wawindaji wa nguruwe pori. Mimi nilikuwa uani, nikausikia, nikajua gunzi limefyatuka na baiskeli imemtupa. Nilikwenda baadaye kulitafuta lile gunzi, sikuliona. Nikarudi, nikaichukia baiskeli mbele ya watu, nikakushika mkono nikakuapisha.

Hili sijamwambia mtu, hata Padri. Nimekunyima kitu miaka hamsini na nne kwa kosa langu mwenyewe. Sasa umejua. Usinijibu kwa utani.

Mama yako


Mwanjelwa
5 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Utani nitaweka kidogo tu, maana nikiuacha wote utadhani ninaumwa.

Nilikuwa najua.

Siku ile nilikuwa njiani kwenda shule, mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Baba alikuwa ameshalala kimya, sikupiga kelele. Lile gunzi lilikuwa kwenye majani, upande wa juu wa barabara, na kitambaa bado kimeling'ang'ania. Kilikuwa kipande cha gauni lako la buluu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini mimi nimezaliwa huku kwenye mianzi. Nililitazama mara moja tu nikaelewa.

Nikalitia mfukoni. Kabla wakubwa hawajafika nilikimbia mtoni nikalitupa. Shangazi zangu unawajua, Mungu awarehemu walipo, na huko walipo nina hakika wanagombana. Wangeliona lile gunzi wangekurudisha Usangu siku hiyohiyo, na sisi wanao tungebaki tunalelewa kwa makofi.

Halafu ukaja ukasema niape. Niliapa haraka, unakumbuka? Watu walinisifu, mtoto msikivu. Mimi niliona lawama lazima ikae mahali, na baiskeli ni chuma, ingeweza kuibeba. Wewe ulikuwa umekonda.

Sijawahi kukukasirikia, hata siku moja. Kuna miaka nilitaka kukwambia, kila nikija Krismasi nafungua mdomo, nauliza habari za kuku. Niliogopa ukijua kwamba najua hutaweza tena kunitazama usoni. Kumbe tumekaa wawili, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile. Mimi sikumaliza darasa la nne, nina sababu. Wewe una cheti cha kisomo!

Ulitaka mume wako arudi mkavu, mama. Hilo tu ndilo ulilolitaka.

Baiskeli siidai tena. Ikikupendeza ibaki nyuma ya mlango, kitenge kinaikaa vizuri.

Mwanao,
Libe


Igowole
19 Mei 2024

Libe, mtoto wangu,

Salamu kwako na kwa Eveline. Barua yako niliisoma barazani mchana, nikalia mpaka Devota akaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu. Kisha nikala ugali wote na nikaomba mwingine.

Nimekwenda kwa Padri. Kwanza nilikwenda kaburini kwa baba yako, nikamweleza. Nilikaa sana. Nyasi nimezing'oa.

Neno nililokufunga nalo nimeliondoa moyoni. Lakini lilitoka mdomoni mwangu na litatoka kwa mdomo, karatasi haitoshi. Njoo nikupulizie maji kifuani kama mila inavyotaka kumfungua aliyeapa, watu wawili watatu wakiona. Usicheke, mimi ni Mkatoliki na maji ni maji.

Mwambie Obeid aifunge hiyo baiskeli juu ya basi. Usifike nayo nyumbani. Shuka pale juu, mwanzo wa mteremko wa darajani. Jumamosi ya kwanza ya Juni nitakuwa nimekaa hapo kwenye kiti tangu saa nne, Devota atanisindikiza. Barabara siku hizi ina lami, na mvua zimekwisha.

Nikishakupulizia, panda. Pita palepale alipoangukia. Ukifika hapo usishuke ukaikokota kwa kunionea huruma, nimeonewa huruma na wewe vya kutosha.

Miwani nitavaa zote mbili. Nataka nikuone unafika chini.

Mama yako,
Tekla