Yorkelvin Simchukui

Jumapili, 10 Machi

Faleolo amekoroma tena hadi kikombe changu kikasogea juu ya kabati. Siongezi chumvi. Nimekiona kwa macho yangu kikitembea, na kilikuwa na maji!

Mtu mwenyewe ni mpole kama nini. Asubuhi ananiuliza, umelala vizuri, kaka? Namwambia vizuri sana. Utamwambia nini mtu mwenye shingo kama ile?

Sheria ya ligi yetu ndiyo iliyonileta chumba hiki. Anayeshika mkia Septemba analala chumba kimoja na Faleolo mwaka mzima unaofuata. Mwaka jana mkia niliushika mimi. Sikuushika tu — niliukumbatia.

Ligi yenyewe ni ya kubuni. Tuko kumi hapa kiwandani. Tunanunua kwa mnada wachezaji wa besiboli, wachezaji wa kweli wa ligi kuu, na wanachofanya kule uwanjani kinatuhesabia pointi sisi huku Alaska, ndani ya harufu ya samaki. Mnada wa mwaka huu ni Jumapili ijayo.

Kosa langu nalijua. Nilinunua watu wa nyumbani. Kila aliyezaliwa kisiwani kwetu, mimi huyo, mkono juu! Nikapata timu nzuri sana ya kucheza nayo dansi. Ya kupiga mpira, hapana.

Mwaka huu natumia kichwa. Sitafuti wa kununua. Natafuta wa kukwepa. Nikiwakwepa wote wenye bei kubwa kuliko uwezo wao, hata nikibaki na vibonde, sitakuwa wa mwisho. Sitaki kombe. Nataka usingizi.

Jumanne, 12 Machi

Saa kumi na sita kwenye meza ya kukata. Vidole si vyangu tena. Lakini kichwa kilikuwa huru, samaki hawahitaji kichwa changu.

Wa kukwepa namba moja: Brandt Hollis, mrushaji. Jina kubwa, watu watanunua jina. Ana miaka thelathini na minane. Mwaka jana mipira yake ilikuwa inafika kwa mpigaji imechoka kama mimi.

Namba mbili: yule kijana Tanner Voss. Wote wanamwimba. Kwa sababu gani? Mwezi mmoja wa moto! Tena Septemba, wakati timu zilizokata tamaa zinapanga watoto. Hata mimi nilikuwa mchumba mzuri kwa mwezi mmoja, muulizeni mke wangu Nurys.

Na wote waliopata sifa kwa mbio na sasa wamepita thelathini na tatu. Miguu haiagi ikiondoka.

Yuko mwingine. Kesho.

Jumatano, 13 Machi

Haya, nimwandike. Yorkelvin Matos. Mtoto wa mtaani kwetu, Azua. Mama yake, Bi Mireya, ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu. Mwaka jana alipiga mipira thelathini na minane nje ya uwanja. Mwaka juzi kumi na moja. Huko nyuma, kumi na mbili, tisa. Mtu hubadilika hivyo? Hata kama ni mtoto wetu — ule ulikuwa mwaka wa bahati, na bei yake sasa ni ya mbinguni.

Kichwa kinasema mwache. Moyo unasema nitamtazamaje Bi Mireya.

Jioni Rodel alipita kugawa vizibo vya masikio. Rodel anaendesha foklifti, kwao Ufilipino, na mnada anauongoza yeye. Tunanunulia vizibo, vile vya povu vya rangi ya machungwa tunavyovaa kwenye mashine. Kila mtu mia moja. Fedha za kweli zilikatazwa tangu watu wawili walipopigana kwa koleo la barafu.

Nilimwuliza, kama kuna mtu humtaki kabisa, unafanyaje? Akacheka. “Mzee Eladio, mtaje wewe! Zamu yako ikifika, mweke mezani mapema, wenye pupa wamalize vizibo juu yake. Wewe unakaa kimya na mfuko umejaa.”

Nimelala na wazo hilo. Yaani, nililala kwa muda. Baadaye Faleolo akaanza, nikachomoa vizibo viwili kwenye ile mia.

Ijumaa, 15 Machi

Nurys amepiga simu. Mtandao ulikuwa unakatika, akawa anasema kwa kupiga kelele, na mimi niko kwenye foleni ya wali. Nikatoka nje kwenye upepo.

Anasema kwenye harusi ya binamu, Yorkelvin hakuutumia mkono wa kushoto hata mara moja. Bi Mireya alikuwa anamkatia nyama! Mtu mzima, anakatiwa nyama na mama yake. Nurys akamwuliza kwa siri. Bi Mireya akalia. Kifundo cha mkono kimekufa ganzi tangu Desemba, timu haijui, na mkataba mpya unasainiwa mwisho wa mwezi huu.

“Usimwambie mtu,” Nurys akasema. “Ukifungua mdomo huko, umewavunjia nyumba.”

Nikamwambia mimi nitamwambia nani, samaki?

Kisha akauliza, utamnunua lakini? Mtaa mzima unauliza. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Basi, imekwisha. Mpigaji asiyekuwa na kifundo ni mimi nikiwa sina kisu. Yorkelvin simchukui. Nitamtaja wa kwanza, Lyle wa ligi yetu atamrukia, mimi nitalala mwaka ujao kama mtoto mchanga.

Je, ni dhambi? Kidogo. Lyle lakini amekuwa bingwa mara tatu na ana kompyuta.

Jumapili, 17 Machi

Naandika wakati wa mapumziko, kwenye kona ya chumba cha mabuti. Glavu nimevua moja. Nieleze haraka.

Mnada ulianza baada ya chakula cha mchana. Nimefika na vizibo tisini na viwili. Nilijaribu kurudisha vilivyotumika, Rodel akavishika kwa koleo mbele ya watu wote. “Kilichoingia sikioni hakirudi mnadani! Kina nta, ndugu zangu, njooni muone!” Faleolo akacheka kuliko wote. Hajui kwa nini nilivitumia. Au anajua.

Hollis akaenda kwa arobaini. Safi! Voss akaenda kwa thelathini na tano, kwa Faleolo, nikamhurumia. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikasema kama mtu asiyejali: “Yorkelvin Matos. Naanza na kimoja.”

Kikawa kumi mara moja. Kikawa ishirini. Lyle — fundi wa mikanda, mtu wa Idaho — akasema thelathini. Nikakaa. Nilikuwa nimemaliza kazi yangu! Ningekaa tu!

Lakini Lyle hawezi kununua kitu bila kukisema vibaya kwanza. “Mnawajua hawa wa Azua,” akasema. “Machi simba. Mwezi wa tano kitambi. Mamake anampikia ndizi ndoo nzima. Eti, mzee Eladio? Hata wewe humtaki mtoto wenu!”

Watu wakacheka. Akamtaja mama wa mtu. Bi Mireya!

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauambia. “Arobaini!” Lyle akasema arobaini na tano. “Sitini!” — hiyo sauti ilikuwa yangu, nimeulizia, wote wanathibitisha.

Lyle akaegemea kiti, akatabasamu. Rodel akapiga meza: mara ya kwanza... mara ya pili...

King'ora. Meli imeingia kabla ya wakati, tumbo limejaa, wote kwenye mikanda sasa hivi! Rodel akatangaza mnada umesimama hapo hapo ulipo. Vizibo vyangu sitini viko ndani ya bakuli mezani, na jina la Yorkelvin juu yake.

Nimekata samaki kwa saa sita nikihesabu. Vinabaki thelathini na viwili, kwa wachezaji wote waliobaki. Nitakuwa wa mwisho. Nitakuwa wa mwisho vibaya kuliko mwaka jana. Na Nurys ameshatuma ujumbe, sijui nani kamwambia: Bi Mireya amesikia nimempigania mwanawe mbele ya wazungu, amelia, amewasha mshumaa.

Sasa hivi Lyle amenifuata huku. Akanishika bega kwa upole, kitu asichofanya.

“Tuseme kweli, mzee wangu. Nilizidisha maneno, samahani. Mimi namtaka yule kijana. Tukirudi nitasema sitini na kimoja, utakuwa huru. Ila kuna uvumi. Wewe ni mtu wa kwao. Niambie tu: mkono wake mzima?”

Neno moja. Nikisema mzima, narudishiwa vizibo vyangu, nalala mwaka mzima, lakini nimemdanganya usoni mtu aliyeniomba samahani. Nikisema mbovu, Lyle ana kompyuta na mdomo, kesho dunia nzima inajua. Nikinyamaza, kwa Lyle kunyamaza ni jibu.

Nikamwambia subiri, naandikia mke wangu barua, nimalize mstari huu.

Yuko pale mlangoni na kahawa yake. Ananitazama. Nimemaliza mstari. Naandika mwingine. Ameuliza, barua ndefu eh? Nimesema ndefu. Ameleta kiti. Amekaa.